Ridhaa Haina Likizo

Ni Jumamosi. Soko la Gakoromone mjini Meru limeshachangamka. Jioni, kule Embu, vijana watatafuna muguka, wengine wafuate nyama choma na muziki.

Starehe ni haki yako, lakini mwili wa mwenzako si sehemu ya bili uliyolipa. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 chasema mtu ameridhia akikubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Aliyetishwa hana uhuru. Aliyelewa chakari hana uwezo. Na makosa haya si ya kupuuzwa: mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliwalaumu polisi kwa kupuuza malalamiko ya wasichana walionajisiwa.

Kijana, uliza kwanza. Ukikataliwa, nenda zako kwa heshima.