Mwenye Kuuliza Habari za Chanjo Asifukuzwe

Wako watu wasemao ya kuwa mzazi akataaye chanjo hukataa kwa ujinga tu. Afundishwe, naye atakubali mara. Wako na wengine wasemao kwamba kufundisha ni kupoteza wakati, heri kuamuru. Maneno hayo mawili yatupasa kuyapima, sisi tukaao Mwamkulu na vijiji vingine vya Katavi, maana jambo hili si la mbali. Mwaka 2022 surua iliingia Mpimbwe, katika mkoa wetu huu huu, ikaua watoto. Tena Septemba 2023, baada ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio, kuonekana kwa mtoto katika mkoa jirani wa Rukwa, watoto wa Katavi walipewa matone ya chanjo pamoja na wa mikoa mingine mitano.

Kwanza tutazame: je, kujua kwatosha? Sikieni habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Ndui aliijua, na chanjo aliijua. Hata aliwahi kufanya kazi kwa muda pamoja na wachanjaji. Lakini mwenyewe aliogopa maumivu, akaikwepa. Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui ili aonyeshe njia. Safari ile ilikuwa fupi sana, lakini ilitosha kumwambukiza. Alipona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida. Na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Basi mtu huyu hakupungukiwa na habari. Hofu ndiyo iliyomshinda.

Baadaye Maalin aliwaendea wazazi wa Somalia kuwahimiza chanjo ya polio, akiwasimulia jinsi yeye alivyoikwepa chanjo na jinsi alivyougua. Kazi hiyo aliifanya hata alipofariki mwaka 2013. Hakuidharau hofu ya mwenziwe, maana aliijua.

Hapo laonekana kosa la wengi wafundishao. Mama huambiwa kwamba chanjo ni njema, kisha mfundishaji hunyamaza. Haambiwi kwamba mtoto aweza kupata homa kidogo, au mahali palipochomwa pakavimba siku moja mbili. Usiku mtoto akichemka mwili, mama asema, "Walinificha." Safari ya pili haji, wala jirani zake hawaji. Na chanjo ya surua yatakiwa mara mbili, katika miezi 9 na katika miezi 18. Basi lililofichwa mara ya kwanza huiharibu ya pili.

Uvumi nao ni vivyo hivyo. Wako waliosikia kwamba chanjo ya wasichana, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, huharibu uzazi. Kumcheka mzazi mwenye neno hilo si kumjibu. Aelezwe kwamba chanjo hiyo huzuia virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Hulinda pale pale anapopahofia. Na neno la wakubwa likigeuka, watu huyumba. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo za korona; Julai mwaka ule ule Rais Samia alichanjwa mbele ya watu wote. Mwanakijiji aliyeuliza, "Tushike lipi?" hakuwa mjinga. Alistahili jibu.

Je, basi kila mtu aachwe afanye apendavyo? La. Wazee walisema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini katika jambo hili asiyesikia ni baba, na guu livunjikalo ni la mtoto, ambaye hakuulizwa neno. Wala si mtoto wake tu. Surua huenea upesi mno, hata yapasa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ndipo izuilike. Na mtoto mchanga asiyefikia umri wa kuchanjwa hutegemea kinga ya walio karibu naye. Kwa hiyo uhuru wa mzazi una mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai wa watoto. Walakini amri peke yake huwafundisha watu kuwaficha watoto mashambani, na mtoto aliyefichwa hachanjwi.

Basi deni hili ni la pande mbili. Mwalimu na mganga wadaiwa kweli yote, pamoja na ile isiyopendeza, na subira ya kujibu swali moja hata mara kumi. Mzazi naye adaiwa kuuliza kabla ya kukataa, tena amwulize ajuaye, si mpita njia. Mficha uchi hazai: mwenye hofu na aitoe, asione haya. Nasi tukiisikia, tusimwite mjinga, tumwulize, "Ndugu, waogopa nini?" kisha tukae tumsikilize.