Je, Chombo Kikiona, Ghaibu Imekwisha?

Kuna maneno mawili yanayozagaa siku hizi katika baraza zetu za Kariakoo. Wa kwanza husema, "Wataalamu wanaona mpaka yasiyoonekana, basi ghaibu imethibitishwa." Wa pili humjibu, "La, ghaibu imekwisha." Naona wote wawili wamechanganya mambo.

Tutazame jambo lenyewe, nalo lina mlango wake katika pwani yetu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, imebeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo mbinguni, ambayo hewa yetu huizuia isitufikie. Ndipo ilipofunguka njia ya kujua kwamba katika makundi ya galaksi (na galaksi moja tu ni mabilioni ya nyota) mna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, nayo uzito wake wazishinda nyota zote za kundi. Jicho huona giza tupu pale!

Makundi ya mbali zaidi hutafutwa kwa njia mbili. Mwanga wake, kwa urefu wa safari katika ulimwengu unaotanuka, hurefuka mawimbi hata ukapita wekundu, ukawa infraredi, jamaa ya ujoto unaouhisi ukikaribisha kiganja kwenye jiko la mkaa. Kisha eksirei huonyesha ile gesi ya moto, dalili kwamba galaksi hizo zimeshikana kweli, hazikupangana machoni tu. Kundi moja lililotangazwa mwaka 2016, mwanga wake umesafiri miaka bilioni 11 hivi.

Hayo yalifichika kwa jicho, hayakufichika kwa kipimo. Wanavyuoni wetu walikwisha kutenga ghaibu nisbi, aijuayo huyu asiijue yule, na ghaibu mutlaki, aijuayo Mola peke yake. Wewe uliyeegemeza imani yako juu ya setilaiti, wataalamu wakirekebisha hesabu zao kesho, kama ilivyo ada yao, nawe utarekebisha imani?

Pale sokoni mnunuzi hutia bambo guniani, akatoa punje za katikati ambazo hakuziona. Hatusemi amejua ghaibu. Na bambo hilo halimtolei nia ya muuzaji, kwamba mchele mbovu aliuchanganya kwa kusudi, au naye alidanganywa huko alikonunua.