Darsa ya Ramadhani, Siku ya 18: Bei Njoo Inboksi



Sikukuu inakaribia, na simu zetu zimejaa picha za kanzu, mabaibui na viatu vya watoto. Kwa hiyo leo tuzungumze na wanaouza kwa simu, maana humu mpo wengi. Baada ya tarawehe nimeulizwa swali hili: "Sheikh, nauza nguo mtandaoni. Bei siiweki kwenye picha. Mteja akija inboksi naangalia kwanza ukurasa wake. Nikiona ana uwezo namtajia 80,000, mwingine namtajia 50,000, nguo ni ileile. Wote wanakubali, simlazimishi mtu. Je, kuna ubaya?"

Ni swali zuri, na si la mtu mmoja.

Tuanze na lililo wazi. Dini yetu haikuweka kiwango maalumu cha faida. Urwa al-Bariqi, Allah amridhie, alipewa na Mtume s.a.w. dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili kwa dinari hiyo, njiani akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yenyewe. Mtume hakumkemea. Alimwombea baraka katika biashara yake. Na bei zilipopanda Madina, watu wakamwomba Mtume awapangie bei, alikataa, akitumai kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma.

Kwa hiyo usibanwe bure. Bei ya jumla ikitofautiana na ya rejareja, sawa. Bei ya taslimu ikitofautiana na ya kulipa kidogo kidogo, sawa, maadamu mmekubaliana moja kabla ya kuachana. Ukimpunguzia mjane au mwanafunzi, hiyo ni sadaka. Hata kuficha bei kwenye picha ili mshindani asikuige, hilo peke yake si kosa. Bei kuwa mbili si dhambi. Tunaloliuliza ni kwa nini ziko mbili.

Sasa tuje kwenye neno "wote wanakubali". Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 29, inataka biashara yetu iwe ya kuridhiana. Lakini jiulize, yule aliyelipa 80,000 ameridhia nini? Ameridhia kwa sababu anadhani hiyo ndiyo bei ya nguo. Hebu mwambie, "Dada, nguo hiihii nimempa mwenzako asubuhi kwa 50,000, wewe nimekutajia 80,000 kwa sababu nimeona picha za gari lako." Ridhaa yake itabaki? Kama ridhaa inadumu kwa sababu tu mtu hajui, basi ile 30,000 ya juu hukuipata kwa ridhaa. Umeipata kwa kutojua kwake.

Mtaniambia, "Sheikh, mbona Kariakoo watu wanapatana bei kila siku?" Kweli, na kupatana ni halali. Lakini Kariakoo mnunuzi anajua kwamba bei ya kwanza ni ya kuanzia tu. Anashika kitambaa, anauliza maduka matatu, anajifanya anaondoka, anaitwa arudi. Mteja wako wa inboksi yuko Kigoma. Nguo hajaishika, na akienda ukurasa mwingine anaambiwa vilevile, njoo inboksi. Wewe umeshaona harusi yake, gari lake na mahali anapokaa. Yeye kwako hajaona kitu.

Mtume s.a.w. alikataza watu kuwatokea njiani wenye misafara na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Pale aliyeumia ni muuzaji, huku kwetu ni mnunuzi, lakini mlango ni uleule: kumwahi mtu kabla hajajua.

Kwa upande wa fiqhi, sisi tuliosoma kwa madhhab ya Shafi'i tumefundishwa kwamba kupunjwa bei peke yake hakuvunji biashara, ikiwa hakukuwa na udanganyifu. Kwa Hanbali, mtu asiyejua bei aliyemwamini muuzaji akapunjwa sana ana haki ya kurudisha. Kwa hiyo huenda muuliza swali akatoka salama kwa hukumu ya mauzo. Lakini Imam Ghazali, naye ni wa madhhab ya Shafi'i, katika Ihya anatukumbusha kwamba Allah ameamrisha uadilifu pamoja na ihsani. Uadilifu ni kama mtaji, ihsani ni kama faida. Nani kati yenu anafungua duka ili arudishe mtaji tu?

Na hapo ndipo anapomtaja Yunus bin Ubayd wa Basra. Alikuwa na nguo za bei mbili, za dirhamu 400 na za 200. Akaenda kuswali, akamwacha mtoto wa ndugu yake dukani. Akaja bedui akitaka nguo ya 400, akapewa ile ya 200. Akaipenda, akalipa 400, akaondoka nayo. Njiani Yunus akaitambua nguo, akamuuliza ameinunua kwa bei gani. Akamwambia haizidi 200, rudi. Bedui akasema kwao nguo ile inafika 500, na yeye ameridhika. Yunus akamrudisha dukani, akampa 200 zake, kisha akamgombeza kijana. Kijana akajitetea kama anavyojitetea muuliza swali wetu: mtu mwenyewe alikuwa radhi. Yunus akamuuliza kwa nini hakumridhia mwenzake kile ambacho angejiridhia nafsi yake.

Angalieni, ridhaa ilikuwepo, na mteja hakulalamika. Lakini Yunus hakuona kama ridhaa ya mteja inamwondolea yeye wajibu wa kumnasihi.

Wengine watasema, "Mwenye nacho nampandishia ili nimshushie maskini." Nia nzuri, lakini sadaka hutoka mfukoni mwako. Ukimsaidia maskini kwa pesa ya mtu asiyejua kwamba anachangia, thawabu unaiandika wapi?

Basi kipimo ni hiki. Wachukulie wateja wako wawili wamekaa benchi moja, wameonyeshana simu. Je, unaweza kuwaeleza wote wawili, kwa sauti, kwa nini bei zao si sawa? "Huyu kachukua 10." "Huyu atalipa kwa miezi mitatu." "Huyu ni yatima, nimempunguzia." Ukiweza kueleza, uza kwa amani. Ukijiona unatafuta pa kuuficha uso, irekebishe bei hiyo leo.

Na msiandike "ilikuwa 60,000 sasa 35,000" kwa nguo ambayo haijawahi kuuzwa 60,000. Wala "zimebaki mbili tu" na nyuma yako kuna furushi zima. Huo ni uongo, na mnauandika mkiwa mmefunga.

Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Faida ya 30,000 unaweza kuihesabu. Baraka iliyoondoka nayo hutaiona kwenye simu.

Allah atupe rizki ya halali, azitakase biashara zetu na azikubali funga zetu. Aamiin. Mtumie na mwenzako anayeuza.

Wassalaam alaykum warahmatullah.