Hukumu ya Miguu

Kwenye mashindano ya ngoma ya Wasukuma, yale yanayochezwa baada ya mavuno, mshindi hapatikani kwenye karatasi za alama. Kundi moja, Bagika, linashika upande huu, kundi hasimu, Bagalu, upande ule, wote wanaanza kwa wakati mmoja, na mtazamaji anasimama anapopenda. Kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Manju anaweza kuwa na wimbo uliosukwa kuliko wa mwenzake, lakini upande wa pili wakitoa chatu kwenye kapu, vumbi linatimka, watu wanahama mbio, na wimbo wake unabaki kwa wazee na watoto wasioweza kukimbia. Hapo manju hana budi kufanya kitu. Anaukata ubeti katikati, anamrushia mpinzani kijembe, anamsukuma mbele mchezaji wake hodari, na pengine umati unarudi. Utaratibu huo, unaosimuliwa kwamba ulitokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, unatufundisha jambo ambalo mabishano yetu kuhusu filamu hulipita kwa haraka: yapo maoni yanayoipima kazi ikiwa imekwisha, na yapo maoni yanayoshiriki kuitengeneza. Mtu anayetoka kwa Bagika kwenda kwa Bagalu hajatoa tathmini, amebadilisha wimbo.

Tofauti hiyo hujitokeza kila igizo la nyimbo linapogeuzwa filamu. Waliolishuhudia jukwaani husema limepoa. Wasiolishuhudia huwaona hao kuwa watu wa kujivunia tiketi walizokata zamani. Ugomvi huendeshwa kana kwamba pande zote mbili zinazungumzia kitu kimoja na zinatofautiana juu ya ubora wake tu. Hoja yangu ni kwamba hazizungumzii kitu kimoja. Anayelalamika kwamba filamu imeharibu igizo, mara nyingi haipimi filamu. Anadai cheo alichokuwa nacho ukumbini, ambacho sinema haina pa kukiweka. Dai lake ni la kweli, ila amelipeleka kwa asiyehusika.

Sarafina! ndiyo mfano ulio karibu nasi, kwa sababu ni filamu ambayo Afrika Mashariki imeitazama mpaka ikaifanya yake, wakati wengi hawajui kwamba ilianza kama igizo. Mbongeni Ngema aliliandika na kuliongoza, muziki akisaidiana na Hugh Masekela, na lilionyeshwa mara ya kwanza Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka uliofuata lilikuwa Broadway, New York, ambako lilidumu hadi katikati ya 1989, maonyesho karibu 600. Filamu ya Darrell James Roodt ilitoka mwaka 1992. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, alibaki Sarafina kwenye filamu. Whoopi Goldberg akaletwa kutoka Marekani kuwa mwalimu wa historia, na Miriam Makeba akawa mama mzazi. Kisa ni kilekile: wanafunzi wa Soweto, maasi yao dhidi ya kufundishwa kwa Kiafrikana, risasi za polisi, na msichana anayeota kuongoza tamasha la shule juu ya siku Nelson Mandela atakapoachiwa huru.

Tuitazame hiyo ndoto ya mwisho. Mwaka 1987 Mandela alikuwa bado gerezani na hakuna aliyejua tarehe ya kutoka kwake. Waliokaa Market Theatre wakati watoto wale wanaigiza siku ya uhuru wake hawakuwa wakiangalia mwisho wa hadithi. Walikuwa wakiombwa wakubaliane, hadharani, juu ya jambo ambalo serikali yao ililikataza. Kupiga makofi pale kulikuwa kutia sahihi, na kukaa kimya pia kulikuwa na maana yake. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela akatoka. Filamu ilipofika, ndoto ilikuwa ile ile, Khumalo alikuwa yule yule, lakini kilichokuwa ombi kilikuwa kimeshakuwa kumbukumbu. Hakuna mwongozaji ambaye angeweza kuzuia hilo. Mtazamaji wa 1992 alibakiwa na kazi moja tu, kusema kama kumbukumbu hiyo imepangwa vizuri au vibaya, na kazi hiyo ni ndogo kuliko ya mtangulizi wake. Anayesema igizo lilikuwa na moto zaidi anasema kweli. Anapokosea ni anapomlaumu mpiga picha.

Atatokea mtu aseme: huku ni kutamani ya kale. Wangapi waliliona igizo? Mtu wa Ushirombo, kwenye barabara inayotoka Kahama kwenda Nyakanazi, hakuwahi kufikiwa na Market Theatre. Filamu ndiyo iliyowafikia watu, kwenye kanda, kwenye diski, kisha kwenye memori kadi. Kwa hiyo filamu ndiyo kazi, na igizo ni rasimu yake. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake moja naikubali bila kusita: kufika ni ubora. Kazi inayoonekana na mchimbaji wa madini aliyetoka shimoni jioni ina jambo ambalo kazi ya ukumbi wa watu mia kadhaa haina, na dharau ya watu wa ukumbini kwa watu wa banda la video ni dharau tu, haina falsafa ndani yake. Lakini kufika si sawa na kushirikisha. Kitu kinaweza kukufikia kikiwa kamili na kimefungwa, na ukubwa wa hadhira usiongeze chembe kwenye uwezo wa mtu mmoja mmoja wa kukigeuza. Idadi inajibu swali la nani ameona. Swali langu ni aliyeona alikuwa nani wakati anaona.

Kuna pingamizi la pili, gumu zaidi, na hili linatoka Usukumani kwenyewe. Linasema jukwaa nalo si chanzo. Ngoma ya bugobogobo, inayojulikana na Watanzania wengi kwa majembe yanayorushwa juu na kudakwa, haikuanzia mbele ya watazamaji. Ilianzia shambani. Wakulima walijipanga mistari, ngoma ikawatangulia, jembe likashuka kwenye udongo kwa mpigo, na wimbo ukaamua kasi ya kazi na kuficha uchovu wake. Aliyekuwepo alikuwa analima. Baadaye ngoma hiyo ikaingia viwanjani, ikakutana na umati unaosimama na kuchagua upande. Kisha vikundi vya sanaa vikaipeleka majukwaani, ikapewa dakika zake na sare zake, na jembe ambalo lilikuwa la kukata ardhi likawa la kuzungushwa kwenye vidole juu ya mbao. Likipigwa chini, hakuna kinachopandwa. Kama filamu imelipora jukwaa, basi jukwaa limeupora uwanja, na uwanja umelipora shamba. Anayelilia jukwaa analilia kitu ambacho tayari kilikuwa hasara ya mwingine.

Nadhani pingamizi hili, badala ya kuivunja hoja, linaijenga. Angalia nini kinapungua na nini kinaongezeka katika kila hatua. Shambani hakukuwa na maoni juu ya bugobogobo, kwa maana hakukuwa na mtu wa pembeni wa kuyatoa. Mwimbaji akichelewesha mpigo, mstari unapinda na kila mgongo unajua. Uwanjani wakatokea watu wasiolima, na wakapewa miguu yao kuwa kura. Jukwaani miguu ikafungwa kwenye viti, wakabakiwa na makofi, kicheko na miguno, ambavyo mchezaji bado anavisikia na bado anaweza kuvifuata. Kwenye filamu hata vitu hivyo havisikiki tena. Na katika safari hiyo hiyo maneno juu ya kazi yanazidi kuwa mengi: shambani hakuna, uwanjani machache, baada ya jukwaa mazungumzo ya njia nzima ya kurudi nyumbani, baada ya filamu uhakiki usiokwisha. Kadiri mtu anavyonyang'anywa sehemu yake katika kutenda ndivyo anavyolipwa kwa haki ya kuhukumu. Si malipo mabaya. Ila ni malipo, na ni vyema kujua yalilipwa kwa ajili ya nini.

Walter Benjamin, Mjerumani aliyeandika juu ya sanaa na mashine katika miaka ya 1930, alikwishaona kwamba mwigizaji wa filamu hawezi kujirekebisha kwa kuwafuata watazamaji, na kwamba ndiyo sababu watazamaji wanakaa mkao wa mpimaji. Yeye aliliona hilo kuwa hatua mbele: watu wa kawaida wanakuwa wataalamu, hawamezwi tena na heshima ya kazi. Plato, zamani zaidi, katika kitabu chake cha Sheria, alilalamika kinyume chake, kwamba huko Athens umati ulikuwa umetwaa utawala wa muziki, ukapiga kelele kana kwamba unajua kizuri na kibaya. Naona wote wawili wangetaabika kwenye uwanja wa Bagika na Bagalu. Plato angekuta pale utawala wa umati anaouogopa, tena ukiwa ndiyo katiba, na bado angekuta baningi, yaani manju wa Kisukuma, wakitunga kwa umakini kwa miongo mingi bila kuharibiwa na umati huo. Benjamin angekuta watu ambao si wataalamu kwa sababu wamekaa mbali, bali kwa sababu wako karibu kiasi cha kuadhibu. Ni kweli umati unadanganyika. Chatu ameshinda nyimbo nyingi nzuri. Lakini umati uliodanganywa na chatu hulazimisha utungo wa mwakani uwe na cha kumjibu chatu, na uhakiki wenye busara wa filamu hauilazimishi filamu ile ifanye lolote.

Hapa msomaji aliyekulia kwenye mabanda ya video ataniuliza kama nimesahau kibanda umiza. Kule filamu haikai kimya na watu hawakai kimya. Mtu anamwonya shujaa kwamba adui yuko mlangoni, mwingine anamcheka anayemwonya, na kwa miaka mingi palikuwa na mfasiri aliyeshika kipaza sauti, akisimulia filamu ya Hong Kong au ya India kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuongeza maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Lufufu wa Dar es Salaam alijenga jina lake kwa kazi hiyo. Mfasiri hodari alisikiliza banda: wakicheka, alirefusha; wakinyamaza, alibadilisha. Basi filamu ilikuwa imerudishwa kuwa jukwaa, na mtazamaji alikuwa amerudishiwa cheo chake. Nakubali kabisa, na naona ni mojawapo ya mambo ya akili zaidi ambayo Afrika Mashariki imeifanyia sinema. Lakini cheo kilirudishwa na nani? Na mtu aliyesimama pale, siyo na filamu. Sauti hizo zilipoanza kurekodiwa na kuuzwa pamoja na filamu, mzaha ambao uliwahi kuongezwa kwa sababu banda fulani lilicheka ukawa mzaha uleule kila mahali, uchekwe usichekwe. Mfasiri mwenyewe alipitia njia ile ile ya Sarafina.

Basi tufanye nini na maoni ya watazamaji wa filamu iliyotokana na igizo? Kwanza tuyatenganishe. Malalamiko kwamba filamu ya Sarafina! haina joto la ukumbi ni ushahidi kuhusu igizo lilivyokuwa; yaandikwe katika historia ya igizo, na hapo yana thamani kubwa, maana hayo ni mabaki ya kile ambacho hati ya maandishi na kanda ya nyimbo havikuhifadhi. Hayasemi lolote kuhusu filamu. Filamu ina mambo yake ya kujibu, na inayo ya kujivunia: uso wa Khumalo ukijaza kioo kizima, akikosa la kusema, ni kitu ambacho mtu wa safu ya nyuma Broadway hakuwahi kupewa, kama vile mtu wa safu ya kumi uwanjani Usukumani anavyoambulia visogo.

Na ya kujibu inayo. Mchezo wa nyimbo unadai mkataba kwamba mtu anaweza kuacha kusema akaimba, na asiulizwe sababu. Jukwaani mkataba huo ni rahisi, kwa kuwa kila kitu pale ni cha kukubaliana: sanduku ni gari, mtu mmoja aliyeanguka ni maiti ishirini. Roodt aliipeleka kamera Soweto kwenyewe, kwenye barabara za kweli zenye vumbi la kweli, akaonyesha konstebo akichomwa moto na wasichana wakiteswa, kisha akawarudisha wanafunzi wacheze kwa mpangilio kwenye uwanja wa shule. Kamera iliyoapa kwamba hii ni damu haiwezi, dakika tano baadaye, kuomba tukubaliane kwamba hii ni ngoma. Wanaosema nyimbo kwenye filamu ile zinakatiza hadithi wameliona hilo, hata wakilitaja kwa maneno ya hasira tu, na hawahitaji kuwa waliwahi kulijua jukwaa ili wawe na haki ya kulisema. Lawama hiyo inamhusu mwongozaji moja kwa moja: angeweza kuchagua kuipiga picha ndoto kama ndoto tangu mwanzo, au kuyaacha mauaji yasimuliwe na watoto kwa wimbo. Alitaka yote mawili, na kwenye viungo vya filamu ile nyufa zake zinaonekana kwa jicho la mtu yeyote aliyelipa kiingilio.