Kitabu cha Likizo

Katika nchi za Ulaya watoto huhimizwa kusoma vitabu wakati wa kiangazi, shule zinapofungwa. Kwetu Songea likizo ya Juni huja na baridi, ukungu wa asubuhi, na mahindi. Ruvuma ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne iliyosifika kwa kulisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Na mahindi hayo hayakujipukuchua yenyewe. Kwa nyumba nyingi, likizo ya mtoto ilikuwa kubadili kazi tu.

Mimi nilikuwa mtu wa mshahara, nikajiona naweza kumlea mwanangu kwa namna nyingine. Likizo ya mwaka 1996, akiwa darasa la nne, nilimwekea sharti: kila jioni kurasa tano za hekaya za Abunuwasi, kwa sauti, barazani, mbele yangu, ndipo aende kucheza mpira. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vilikuwa haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwa umeanza mwaka 1991 tu, na hicho kimoja nilichokuwa nacho nilikitunza kama wengine walivyotunza baiskeli.

Alisoma, lakini kama mtu anayehesabu magunia.

Siku hizo mama mmoja jirani alikuwa akitupukuchulia mahindi uani kwa ujira wa madebe, naye alikuja na kijana wake, rika la mwanangu. Jioni moja nilimwuliza mwanangu, “Haya, ile sufuria iliyozaa, mwisho wake nini?” Akatazama miguu yake. Jibu likatoka kwenye rundo la mahindi: “Ilikufa, mzee. Aliyekubali kwamba imezaa akakataa kwamba imekufa.”

Nilicheka sana. Kisha nikamwambia, “Endelea na kazi, kijana.”

Ndugu msomaji, maneno hayo manne yamenisumbua kuliko makosa yangu makubwa. Kwamba mzazi ana haki ya kumlazimisha mtoto kusoma, sina shaka sana. Tunawalazimisha kunywa dawa chungu, wala hatuombi radhi. Linalonitatiza ni jingine. Nilikuwa na kitabu kimoja na watoto wawili. Mmoja nilimshurutisha kwa sababu ni wangu. Mwingine alikitaka, nikamrudisha kwenye mahindi kwa sababu nilikuwa nimemlipa mama yake. Kama kusoma ni jambo jema kwa mtoto, wema huo ulikoma vipi mwisho wa baraza yangu? Nilijitetea kwamba siwezi kumlea kila mtoto wa Songea. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeniomba nimlee. Ilikuwa kuazimana kitabu tu.

Mke wangu aliuliza usiku ule, “Angelala nacho siku moja, ungepungukiwa nini?”

Siku ya tatu nilimpa kijana kitabu. Alikipokea kwa mikono miwili, akajifuta vumbi kwanza. Kabla ya giza mama yake alikirudisha, kimefungwa ndani ya khanga. “Baba, shika kitabu chako,” alisema. “Kikichanika, utakata kwenye madebe yangu.”

Niliapa kwamba sitakata. Alinisikiliza kwa adabu, akakiweka juu ya kiti, akaondoka na mwanawe.