Nani Ana Haki ya Kusogeza Ukuta

Wateja wa huku Buruburu wana sentensi moja ya kuangusha bei: "Lakini si unaburuta tu?" Ni kweli, naburuta tu. Nafungua WordPress, navuta kisanduku cha picha kutoka pembeni, nakiachilia katikati ya ukurasa, navuta kitufe cha WhatsApp nakiweka chini yake, na msimbo sijauandika hata mstari mmoja. Fundi wa nguo naye anakata tu. Unamlipa kwa kujua pa kukatia, kwa hiyo hilo la bei halininyimi usingizi.

Linalonisumbua ni swali ambalo wateja hawaulizi. Kama kazi ni rahisi hivyo, mbona mwenye ukurasa hawezi kuugusa mimi nikishaondoka?

Mwanzoni haikukusudiwa iwe hivi. Programu ya kwanza ya kusoma wavuti, aliyoiandika Tim Berners-Lee kule CERN mwaka wa 1990, ilikuwa pia ya kuandikia. Anayesoma na anayeandika walishika kifaa kimoja. Zile zilizoenea baadaye zilikuwa za kusoma, na ukitaka kuandika ujifunze HTML au umtafute anayeijua. WordPress ilipokuja mwaka wa 2003 ikawarudishia watu maandishi, lakini sura ya ukurasa ikabaki kwa mafundi. Desemba 2018, toleo la 5.0 likageuza kila kitu kuwa bloki, aya bloki, picha bloki, na kihariri chenyewe kikaitwa Gutenberg, jina la yule Mjerumani wa mashine ya kupiga chapa. Ujumbe ukawa: sasa kila mtu anaweza.

Kila mtu yupi? Miezi miwili kabla ya toleo hilo, Rian Rietveld, aliyeongoza timu iliyohakikisha WordPress inatumika hata na wenye ulemavu, alijiuzulu, na kihariri hicho kilikuwa sehemu ya sababu zake. Kuburuta kunataka macho na kipanya. Asiyeona, anayesomewa skrini na programu, aburute nini? Na huku kwetu ongeza mwenye biashara ambaye kompyuta yake ni simu. Jaribu kuburuta safu mbili za ukurasa kwa kidole gumba ukiwa ndani ya mathree ya 58 halafu uniambie kama ni rahisi.

Ukitembea kutoka Mumias South Road ukaingia kwenye korti, utaona ninachotaka kusema kuhusu haki ya kusogeza. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, zikafanana kama sare za shule, paa jekundu kwa paa jekundu. Leo ile sura ya mwanzo ni ya kutafuta. Huyu amesukuma sebule mbele, yule ametoboa ukuta akaweka duka, mwingine amepandisha ghorofa nyuma. Wapo wanaolia kwamba mtaa umeharibiwa, na hawakosei kabisa, kwa sababu bomba la maji taka lililopimwa kwa familia moja sasa linahudumia nne, na likiziba halimfuriki aliyejenga peke yake. Lakini huyo aliyejenga alisogeza ukuta kwa kuwa ulikuwa wake. Mpangaji hapigi hata msumari bila kumuuliza landlodi.

Wateja wengi wa tovuti ni wapangaji na hawajui. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la fundi. Nywila anayo fundi. Halafu kuna zile plagini za kujengea kurasa ambazo ukizizima, ukurasa unabaki maneno yaliyojaa mabano mraba, kama nyumba iliyong'olewa milango. WordPress yenyewe ni programu huria, yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha, na bado unaweza kumfungia mtu ndani ya kitu huria. Namjua mse anayetoza mia tano kubadilisha namba ya simu. Ananiambia, "Buda, ukimfundisha klayenti umejifuta kazi." Si mtu mbaya. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe tano kwake kama kwangu. Ila anachouza pale si ujuzi, anauza ufunguo wa mlango ambao mwenyewe alishaulipia.

Kwa hivyo mimi nafundisha. Mama mmoja wa saluni nilimwonyesha mambo matatu kwenye simu yake: kubadilisha bei, kubadilisha picha, kuficha sehemu asiyoitaka. Kufika Jumatatu alikuwa amepandisha orodha ya bei juu kabisa, herufi nyekundu, kubwa kuliko jina la saluni. Macho yaliniuma. Nilipomuuliza akasema, "Kijana, hapo ndipo wanaangalia kwanza. Wewe hujawahi kusuka." Sikurudisha kitu.

Picha ndizo tulibishana. Alitaka kuweka picha ishirini moja kwa moja kutoka kamera ya simu, kila moja MB nne, na msichana wa Umoja anayezifungua anatumia bando ya shilingi ishirini. Hapo ni bomba la maji taka sasa, anayefurika ni mwingine. Tangu 2022 WordPress ina njia ya kufunga bloki isisogezwe wala kufutwa, nami nikaweka plagini inayopunguza kila picha inayopanda. Nilimwambia nimeifunga nini na kwa nini, na nikamwonyesha pa kuifungulia. Rafiki yangu mmoja anaona huo ni ulandlodi ule ule wenye adabu. Labda. Lakini sijaona namna ya kumjali yule msichana wa Umoja bila kumwekea mwenye saluni ukuta hata mmoja, na nafuu ukuta anaojua ulipo.

Yule mse wa mia tano huniuliza nitakula nini. Kati ya wateja wanne niliowafundisha mwaka huu, wawili hawajawahi kugusa kurasa zao. Wananipigia, wananitumia bei mpya kwa WhatsApp, nabadilisha kwa dakika mbili, wananitumia M-Pesa. Nawatoza, na sioni aibu. Nywila wanazo.