Samaki wa Ijumaa: Bahari imehalalishwa, karai je?

 

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya samaki wa kukaanga. Huenda utasema, Umma una mazito chungu nzima, huyu anatuletea habari za samaki! Lakini mimi naona mtu anayeshindwa kuuliza kilichomo ndani ya sahani yake, ni vigumu kumtegemea katika hayo mazito. Tusikilizane kwanza.

Mwezi Machi 2018 nilikuwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mgeni wa ndugu yetu mmoja mzaliwa wa Bukavu, Kongo, anayeishi huko na familia yake. Siku ya Ijumaa, baada ya kurudi kuswali, mwenyeji wangu aliniambia kuwa katika mji ule huwezi kusema umefika kama hujaona samaki wa Ijumaa. Jioni tukatoka, mimi, yeye na kijana wake wa miaka 16, tukaenda kwenye mgahawa mdogo wa mtaani kwao.

Nilichokiona kilinishangaza. Watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje, katika baridi kali, wazee kwa watoto. Ndani kila meza ina sahani ile ile: mapande ya samaki yaliyochovywa katika rojo la unga na kukaangwa hadi kuwa ya rangi ya dhahabu, kachumbari ya kabichi, kipande cha mkate mweusi, na chapati za viazi zinazoliwa na tufaha lililopondwa. Harufu yake mwenye njaa hawezi kuipita. Wahudumu ni wachangamfu, majirani wanasalimiana meza kwa meza, na mgeni hakai dakika tano kabla hajaulizwa anatoka wapi. Kwa ukarimu na udugu wa majirani, nausifu mgahawa ule bila ya kificho. Laiti sisi nasi tungeketi hivyo na majirani zetu.

Asili ya jambo lenyewe

Desturi hii ina mizizi ya dini. Jimbo lile lilijengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji wa Kijerumani na Kipolandi, wengi wao Wakatoliki, ambao kwa mafundisho yao hawali nyama siku ya Ijumaa. Samaki kwao hahesabiwi kuwa nyama. Maziwa Makuu yalikuwa karibu, samaki alikuwa rahisi, hivyo chakula cha toba kikawa chakula cha watu wa kawaida. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Vilabu vya pombe vikakosa biashara, navyo vikatafuta riziki kwa kuuza samaki siku za Ijumaa. Pombe iliporuhusiwa tena, samaki hakuondoka, bali vikakaa pamoja. Mwaka 1966 maaskofu wa Marekani waliwaondolea waumini wao ulazima wa kuacha nyama kila Ijumaa nje ya Kwaresma. Lakini watu wa Wisconsin wameendelea na samaki wao Ijumaa zote za mwaka, na wakati wa Kwaresma foleni ndiyo huzidi. Hata ule mkate wa samaki wa McDonald's, unaouzwa leo duniani kote, ulibuniwa mwaka 1962 huko Cincinnati kwa sababu wateja Wakatoliki walikuwa hawanunui nyama siku ya Ijumaa.

Basi tazama jinsi mambo yanavyogeuka. Siku iliyokusudiwa mtu ajinyime, imekuwa siku ya kula hadi kuvimbiwa, na glasi ya bia pembeni. Simwelezi hapa Mkristo ili tumcheke. Tukicheka tutakuwa tunajicheka wenyewe. Sisi tuna ‘vunja jungu’, siku chache kabla ya Ramadhani, watu wanaaga maasi kama anayeaga ndugu zake. Tuna futari zinazomfanya mfungaji ashindwe kusimama kwenye tarawehe. Na Ijumaa yenyewe, siku bora kuliko siku zote zinazochomozewa na jua, vijana wetu wa mjini wameibatiza ‘furahidei’, wanaingoja kwa sababu ya muziki wa usiku badala ya khutba ya mchana.

“Samaki ni samaki tu”

Tulipokwishakaa, mwenyeji wangu akasita kuagiza. Kijana wake akamwambia: “Baba, samaki ni samaki tu. Hana kuchinjwa. Mnasumbuka nini?” Kisha akageuka kwangu: “Baba mdogo, mimi nakuja hapa na wenzangu wa shule. Nikianza kuuliza uliza, wataniona mtu wa matatizo.”

Ndugu zangu, maneno haya ya kijana msiyachukulie wepesi. Nusu yake ni fiqhi sahihi kabisa. Allah (s.w.) ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake, kama tunavyosoma katika Surat Al-Maida, aya ya 96. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari alifundisha kuwa maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Na katika Bukhari na Muslim mna kisa cha jeshi la watu mia tatu chini ya uongozi wa Abu Ubayda (r.a.). Chakula kiliwaishia hata wakawa wanagawiwa tende moja moja. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, wakala kwa siku nyingi. Waliporudi Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kuwa ile ni riziki aliyowatolea Allah, akaomba kama wamebakisha, naye akala. Kwa hiyo juu ya samaki mwenyewe hatuna mjadala.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Samaki haji mezani peke yake. Anakuja na rojo alilochovywa, na mafuta aliyokaangiwa, na karai alimopikiwa. Nikamwambia kijana: “Mwanangu, wewe ndiye unayekijua Kiingereza cha hapa. Muulize huyo mama anayehudumia, kwa adabu, halafu tuone kama atatufukuza.”

Akauliza, ingawa uso ulimwiva. Yule mama hakukasirika. Alisema hajui kwa hakika, akaenda jikoni, akarudi na majibu: rojo la unga linakorogwa kwa bia badala ya maji, ili liwe jepesi na lenye kuvimba. Mafuta ni ya mimea, lakini karai ni lile lile linalokaangiwa na soseji za nguruwe. Kisha bila ya kuombwa akaongeza: mpishi anaweza kuchukua minofu mikavu isiyotiwa kitu, akaipika kwa siagi na limau katika kikaango kingine atakachokiosha upya. Na kwa kuwa pombe ilikuwa inazunguka kwenye meza zote, tukaomba tufungiwe, tukaenda kulia nyumbani kwa mwenyeji wangu. Na wallahi, samaki yule alikuwa mtamu.

Hukumu yake

Tulitazame suala hili kielimu. Kwanza, rojo la bia. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunaifuata, kileo cha majimaji ni haramu na tena ni najisi. Kukikaanga hakukitwaharishi, na kusema kuwa moto unaondoa pombe yote si kweli, kwani sehemu yake hubakia.

Pili, mafuta. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya panya aliyeangukia katika samli, akaamuru aondolewe yeye na kilicho pembezoni mwake, na kinachobakia kiliwe. Wanachuoni wameeleza kuwa hiyo ni samli iliyoganda. Ama mafuta ya majimaji, Mashafi wanasema yakiingia najisi yamenajisika yote. Basi karai lililopitiwa na nguruwe asubuhi, samaki wako wa jioni hawezi kulisafisha.

Tatu, vyombo. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wao wanaishi katika nchi ya watu wa Kitabu, ambao hupika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Jawabu alilopewa lilikuwa kwamba wakipata vyombo vingine wasitumie hivyo, na wasipopata, basi wavioshe kwanza, kisha wale. Tazameni hekima iliyomo. Hakuambiwa ahame nchi, wala hakuambiwa afumbe macho. Aliambiwa aoshe. Dini hii haikumfungia mtu mlango wa kuishi na jirani asiyekuwa Muislamu. Imemtaka awe macho tu. Nasi kwa vyombo vilivyoingiwa na nguruwe, Mashafi wanataka kuoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo, na ndiyo maana katika safari yangu niliyobakia nilipendelea kula kwenye majiko ya Waislamu kila nilipoyapata.

Turudi nyumbani

Ndugu msomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mwanza au Mombasa, usije ukadhani haya ni ya Marekani peke yake. Ni mabaa mangapi mjini mwetu yanayouza kitimoto upande mmoja, na samaki, kuku na chipsi upande wa pili, karai moja, kisu kimoja, ubao mmoja? Na ni Waislamu wangapi, wenye kanzu zao za Ijumaa, wanaoagiza hapo ‘samaki mkavu na ndizi’ na kujiliwaza kuwa wao hawakugusa kitimoto? Ukimuuliza muuzaji, anakujibu, “Kula tu bosi, hiyo ni halali,” na wewe unaridhika, kwa sababu jibu hilo ndilo ulilolitaka tangu mwanzo.

Hapa ndipo pananiuma. Yule mama wa Milwaukee si Muislamu, na hakuna sheria ya dini yetu inayomlazimu. Lakini alikwenda jikoni akauliza, akasema kweli hata kama itampotezea mteja. Na sisi, tulioambiwa kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake mna mambo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka hayo ameihifadhi dini yake na heshima yake, tunaona haya kuuliza! Kijana anawaogopa wenzake wa shule. Mtu mzima anamwogopa bosi wake aliyemwalika chakula cha mchana. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomfanya mja amwogope mhudumu kuliko Mola wake, hiyo si haya, ni udhaifu.

Qur'an imetupa kisa cha watu wa Jumamosi, katika Surat Al-A'raf kuanzia aya ya 163. Nao mtihani wao ulikuwa samaki na siku ya ibada. Samaki walikuwa wakiwajia waziwazi siku waliyokatazwa kuvua, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kuwa walitega mitego kabla ya Jumamosi na kuokota baadaye, ili waseme, “Sisi hatukuvua siku hiyo.” Samaki alikuwa halali. Kilichowaangamiza ni hila. Na ninachelea kuwa kauli ya “samaki ni samaki tu” mdomoni mwa mtu anayejua kilichomo karaini, ni mtego wa aina ile ile.

Basi tufanye nini? Wazazi, wafundisheni watoto kuuliza kwa upole na kwa kichwa kilichoinuka, kabla hawajafika umri wa kuona haya. Akina mama lishe na wenye migahawa ya Kiislamu, usafi wa mafuta yenu ni amana, msichanganye na msidanganye. Waajiriwa, mnapoalikwa, semeni mapema mnachokula, kwani mwenyeji mwema hufurahi kujua. Na Ijumaa tuirudishie heshima yake: Allah (s.w.) katika Surat Al-Jumua ametuamuru tuache biashara unapoadhiniwa, na swala ikiisha tutawanyike tutafute fadhila Zake huku tukimkumbuka kwa wingi. Samaki wa Ijumaa ni katika fadhila hizo, akiliwa kwa bismillahi na kwa njia iliyo safi.

Tumuombe Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali Yake tusiihitajie haramu Yake, na atujaalie ujasiri wa kuuliza na uaminifu wa kujibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.